Macheo au Machweo? Kiswahili na Picha ya Chombo katika Maji Shwari



1.0 Utangulizi

Naomba nianze kwa kutoa shukrani zangu za dhati kwa kualikwa kutoa mhadhara huu wa hadhara. Yamkini baadhi yenu mlipoliona tangazo mlijiuliza mtaalamu wa isimu ana shughuli gani na kamera. Swali hilo ni la haki, na jibu lake ndilo mhadhara wenyewe.

Picha ninayokusudia kuizungumzia mnaifahamu nyote. Ni chombo kimoja cha tanga, maji yametulia, mbingu ina mawingu au wekundu, na mwanga ni haba. Hakuna ofisi ya utalii, kalenda wala kadi ya posta ya pwani yetu iliyoikosa. Mara nyingi chini yake huandikwa maneno machache ya Kiingereza yasemayo kwamba hicho ni chombo cha tanga wakati wa kuzama kwa jua. Aghalabu mtazamaji huridhika na maelezo hayo, akaenda zake.

Hoja yangu ni kwamba picha ya namna hiyo, zaidi ya picha nyingine zote, haiwezi kujitegemea bila maneno. Mwanga haba huficha yale ambayo mchana ungeyaonyesha, yaani aina ya chombo, saa, mahali na watu waliomo. Yaliyofichwa na mwanga hurejeshwa na lugha peke yake. Nitajaribu kuonyesha kwamba Kiswahili kina hazina kamili ya kuyarejesha, katika msamiati na hata katika sarufi yake, na kwamba hazina hiyo tunaipoteza kwa kasi kuliko tunavyoziongeza picha.

2.0 Mfano kutoka Ufaransa

Kabla ya kurudi pwani kwetu, niruhusuni nianze mbali kidogo, maana tatizo hili lina umri karibu sawa na upigaji picha wenyewe. Mbinu ya Louis Daguerre ilitangazwa rasmi mjini Paris mwaka 1839. Miaka 17 baadaye, yaani mwaka 1856, Mfaransa Gustave Le Gray alipiga picha ya merikebu ndogo ya milingoti miwili ikiwa baharini, chini ya mbingu yenye mawingu mazito. Maji yanang'aa katikati, kandokando ni giza, na merikebu ni kivuli cheusi. Picha hiyo ilipata umaarufu mkubwa nchini Ufaransa na Uingereza.

Jina mojawapo ambalo picha hiyo ilijulikana nalo lilikuwa Brick au clair de lune, yaani merikebu katika mbalamwezi. Lakini Le Gray hakuipiga usiku. Kwa kemikali za wakati ule, mwanga wa mwezi usingetosha kabisa kunasa chombo kinachoelea. Aliipiga mchana, kamera ikiwa imelielekea jua lililojificha nyuma ya mawingu. Ili mng'aro wa maji na mawingu usipotee, alilazimika kuruhusu mwanga mchache tu uingie katika kamera. Kwa hiyo kila kitu kingine kikawa cheusi, na mchana ukafanana na usiku.

Kwangu mimi jambo la kuzingatia hapa si ustadi wa Le Gray, ingawa ustadi wake haupingiki. Jambo la kuzingatia ni kwamba jina lilitenda kazi ambayo picha haikuweza kuitenda. Wino na karatasi havikusema ni usiku. Neno ndilo lililosema, na watazamaji wakauona mwezi ambao haukuwapo. Tukikubali kwamba jina moja linaweza kuugeuza mchana kuwa usiku, basi hatuna budi kukubali kwamba kazi ya kuipa picha jina si ya kuachiwa mtu yeyote aliye karibu.

3.0 Kucha na kuchwa

Sasa turudi nyumbani. Mtu akikuonyesha picha ya mashua, jua likiwa limegusa maji na mbingu ikiwa nyekundu, utajuaje kama ni asubuhi au jioni? Picha haisemi. Jua linalochomoza na jua linalozama, katika fremu moja iliyosimama, hutoa rangi zinazokaribiana mno.

Katika Kiswahili sanifu tofauti ya nyakati hizi mbili imebebwa na sauti moja tu: macheo na machweo. Vitenzi vyake ni -cha na -chwa, na vyote viwili, kwa kuwa ni vya silabi moja, hubaki na kiambishi ku- katika njeo nyingi. Hivyo husemwa kumekucha, na jua limekuchwa. Lahaja kadhaa zina umbo la kutwa pahali pa kuchwa, na umbo hilo limehifadhiwa katika msemo ambao kila Mswahili anautumia bila kuufikiria: usiku kucha na mchana kutwa. Maana yake ni usiku mpaka kukicha, na mchana mpaka jua likuchwe. Kwa maneno mengine, lugha yetu huupima usiku kwa mwisho wake, na mchana kwa mwisho wake pia. Vipindi vyote viwili vinapimwa kwa zile dakika chache ambazo mpiga picha huzivizia.

Nimesema dakika chache, na sisemi hivyo kwa mapambo. Karibu na ikweta jua hushuka wima, au karibu na wima, hivyo muda wa mwanga haba baada ya jua kuzama ni mfupi, takriban dakika 20 na ushei tu mpaka utusitusi ushike. Katika nchi za kaskazini ya mbali jua la kiangazi hushuka kwa mshazari, na mwanga wa namna hiyo huweza kuendelea kwa saa nzima au zaidi. Mpiga picha wa Lamu au Kilwa hana anasa hiyo. Akichelewa kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa, giza limeingia.

Jiografia nayo huweza kutusaidia, mradi mahali pawe pametajwa. Mji Mkongwe wa Unguja uko upande wa magharibi wa kisiwa, kwa hiyo jua lake huzama baharini. Mji wa Lamu unatazama mashariki, na ng'ambo ya mkondo wake kipo kisiwa cha Manda. Jua huchomoza upande huo. Bagamoyo, kama ilivyo sehemu kubwa ya pwani ya bara, hulipokea jua kutoka baharini asubuhi. Basi picha iliyopigwa kutoka ufukwe wa Bagamoyo, jua likiwa juu ya upeo wa bahari, haiwezi kuwa ya machweo hata kama kalenda inasema hivyo. Aliyeandika maelezo alikosea, na kosa lake halionekani kwa mtu asiyejua maneno mawili: jina la mahali na jina la wakati.

Zipo pia hesabu za siku. Kwa Waswahili wa jadi siku huanza jua linapokuchwa, na ndiyo maana usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia mchana wa Ijumaa. Vyombo vya habari vya leo, kwa kukwepa utata, husema usiku wa kuamkia Ijumaa. Picha ya mashua iliyopigwa baada ya magharibi siku ya Alhamisi, kwa hesabu ya nahodha mzee, ni picha ya Ijumaa. Mtunza nyaraka asiyelijua hilo ataiweka picha hiyo katika kabati lisilo lake.

4.0 Kumetulia, pametulia, mmetulia

Naomba sasa niingie katika sarufi. Wapiga picha wanaosoma vitabu vya Kiingereza hukutana na maneno yanayoupa mwanga tabia ya mtu, kana kwamba mwanga una huzuni au hasira. Sisi nasi tunaweza kusema mbingu imenuna, na usemi huo ni mzuri. Hata hivyo, njia kuu ya Kiswahili ya kueleza hali ya jumla ya mahali haimtafuti mtu wa kununa. Njia hiyo imo katika viambishi vya ngeli ya mahali.

Tazameni sentensi tatu: kumetulia, pametulia, mmetulia. Kiima hakitajwi katika yoyote kati yake. Wanasarufi wetu wamekwisha kueleza kwamba pa- huonyesha mahali mahususi, ku- huonyesha mahali pasipo mpaka dhahiri, na m- huonyesha ndani. Mpiga picha anayejua Kiswahili, apende asipende, anabeba tofauti hizi tatu kila anaposimama ufukweni. Akitumia lenzi ya mbali akakinasa chombo kimoja na maji yaliyokizunguka, amepiga picha ya pametulia. Akipanua fremu ikameza bahari, mawingu na upeo, amepiga kumetulia. Akiingia chomboni akaelekeza kamera katika ngama, palipo na kamba, makasia na maji kidogo yaliyotuama, amepiga mmetulia. Sijui njia iliyo fupi zaidi ya kumfundisha mwanafunzi tofauti ya fremu tatu.

Ni ku- hiyohiyo tunayoikuta katika kumekucha, kumepambazuka, kumetanda wingu na kuna kiza. Katika semi hizi hakuna mwenye mali. Hali imeenea, na wote waliopo wamo ndani yake: chombo, maji, baharia na mtazamaji. Naamini hilo ndilo hasa ambalo picha ya mwanga haba hulitafuta. Inatafuta hali iliyoenea kabla ya kutafuta kitu.

Lugha yetu ina pia ngazi za giza na mwanga. Viigizi huongeza ukali: giza totoro, nyeusi tititi, nyeupe pe. Uradidi, kinyume chake, mara nyingi hupunguza: gizagiza ni chini ya giza, na wekunduwekundu ni chini ya wekundu. Katikati lipo utusitusi, neno ambalo hata sauti yake haina makali. Mbele zaidi tunalo kiwi, yaani kule kushindwa kwa macho mbele ya mwanga mkali, jambo linalompata kila anayelielekezea jua kamera yake.

Nasisitiza ngazi hizi kwa sababu ya jambo moja la kiufundi. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera kimetengenezwa kwa kuchukulia kwamba kila tukio, kwa wastani, lina weupe wa kijivu cha kati. Kikielekezwa kwenye utusitusi, hudhani kuna upungufu, kikaongeza mwanga mpaka jioni ifanane na saa nane mchana. Mpiga picha anayetaka utusitusi ubaki utusitusi hana budi kuikatalia kamera na kupunguza mwanga kwa mkono wake. Hapo pia atahitaji kuiweka kamera juu ya standi ya miguu mitatu, kwa kuwa lenzi itakaa wazi kwa muda mrefu kuliko mkono wa binadamu uwezavyo kutulia. Mfasiri mvivu hufanya kama kipimo hicho. Hupewa utusitusi, alfajiri, gizagiza na mbalamwezi, akavigeuza vyote kuwa mwanga hafifu, na msomaji akabaki na kijivu cha kati.

5.0 Shwari ya nani?

Neno shwari limepata bahati kubwa katika miaka ya karibuni. Vijana hulitumia kuitikia salamu, na mwaka 2012 huduma moja ya akiba na mikopo kwa njia ya simu nchini Kenya ilipewa jina la M-Shwari. Katika matumizi haya yote shwari ni heri tupu.

Mpiga picha naye huiona shwari kuwa heri. Maji yasiyo na kiwimbi hurudisha taswira ya chombo, na kadiri anavyotazama kwa mlalo ndivyo maji yanavyoakisi zaidi. Akiinama juu ya ukingo wa gati na kutazama chini wima, maji huakisi takriban asilimia 2 tu ya mwanga, naye huona mchanga na samaki. Aidha, taswira ile ya majini si nakala ya chombo iliyopinduliwa, kama wengi wanavyodhani. Inatuonyesha chombo kama kingeonekana na jicho lililo chini ya uso wa maji, kwa hiyo tumbo la omo lisiloonekana na aliyesimama ufukweni huweza kuonekana ndani ya taswira. Maelezo mazuri ya picha yanapaswa kuwa hivyo pia. Hayarudii yaliyokwisha kuonekana. Yanaonyesha upande ambao jicho halikuufikia.

Lakini kwa baharia wa tanga, shwari ina sura mbili. Bahari shwari haizamishi chombo. Hata hivyo haikisukumi. Tanga hulegea, foromali husimama, na safari ya saa tatu huweza kuwa ya siku nzima. Hapo hutolewa makasia, au pondo ikiwa maji ni haba, na kazi ya upepo huhamia mabegani mwa watu. Yule mtu mweusi aliyeinama katika picha, ambaye mtazamaji anadhani anatafakari, pengine amechoka kwa kupiga kasia tangu jogoo wa kwanza. Samaki alionao wataharibika asipowahi mnadani. Uzuri wa picha na hasara yake vimetokana na sababu moja.

Shwari pia ina majira, na majira yana majina. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi hushika nafasi yake kuanzia Aprili. Kati ya pepo hizo mbili huja maleleji, kipindi cha upepo usiotabirika. Kila siku nako kuna umande, upepo mwanana utokao bara asubuhi, unaowatoa wavuvi kwenda baharini. Maji yenyewe hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa katika maeneo kama Unguja hukaribia mita 4. Siku za maji mafu tofauti hiyo hupungua sana. Mpiga picha anayeyajua maneno haya haendi ufukweni kubahatisha. Anajua kwamba chombo alichokiona jana kinaelea, leo saa ileile kinaweza kuwa kimelalia ubavu juu ya mchanga.

6.0 Chombo ndani ya kiza

Sasa nafika kwenye kiini cha jambo. Neno dhow, linalotumiwa katika Kiingereza kwa karibu kila chombo cha tanga cha Bahari ya Hindi, si jina la chombo mahususi kwa mabaharia wetu. Sisi tunalo dau, nalo ni aina moja tu miongoni mwa nyingi. Jahazi ni chombo kikubwa cha mbao cha kuchukulia shehena. Mashua ni wa ukoo huohuo lakini ni ndogo. Dau lina ncha mbele na nyuma. Mtumbwi huchongwa kwa gogo. Ngalawa nayo huchongwa kwa gogo, ila huongezewa ndubi pande zote mbili ili isipinduke, nazo hushikwa na mirengu. Kuviita vyote kwa jina moja ni sawa na kuwaita punda, ngamia na farasi kwa jina la mnyama wa mizigo.

Katika mwanga haba rangi za chombo, maandishi ya ubavuni na nyuso za watu hupotea. Kinachobaki ni umbo. Kwa mtu mwenye msamiati, umbo linatosha. Atatazama kama kuna ndubi. Atatazama tezi kama imekatwa bapa au ina ncha. Atautazama mlingoti ulioinamia omo, kisha foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, kama umetwekwa au umetuliwa. Atatafuta usukani na kana yake. Kwa mtu asiye na msamiati, yote haya ni weusi juu ya wekundu. Wawili hao wametazama picha moja, ila mmoja ameona zaidi kwa sababu amepewa maneno ya kuonea.

Wapo waliotangulia kulitambua hilo. Charles Sacleux, katika kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ya mwaka 1939, alikusanya msamiati mwingi wa pwani, wa vyombo ukiwemo. A. H. J. Prins alichapisha mwaka 1965 kitabu Sailing from Lamu, kinachohusu utamaduni wa bahari wa watu wa Lamu. Alan Villiers, baharia kutoka Australia, alisafiri mwaka 1938 na 1939 katika chombo cha Wakuwait kutoka Uarabuni hadi pwani ya Afrika Mashariki, akafika Unguja na delta ya Rufiji, huku akipiga picha nyingi. Kitabu chake Sons of Sinbad kilitoka mwaka 1940. Picha zake zingali zinasomeka leo kwa sababu aliziambatanisha na maneno: chombo gani, wapi, kikibeba nini, na nani wakiwa kazini.

Linganisheni na mtepe. Huu ulikuwa chombo kilichoshonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja, na ushonaji wa vyombo katika pwani hii umetajwa tangu kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza kiitwacho Periplus. Mitepe ilitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mwanzoni mwa karne hii mtepe wa mfano ulijengwa na kuwekwa katika jumba la Beit el-Ajaib mjini Unguja. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka. Nalitaja tukio hili kwa sababu moja: linatukumbusha kwamba kitu chaweza kupotea mara mbili, mara ya kwanza baharini na mara ya pili katika makumbusho. Neno halihitaji jumba. Linahitaji mtu wa kulitumia.

Ndiyo maana nina wasiwasi. Boti za faiba na injini zinaongezeka, na hakuna wa kuwalaumu wavuvi kwa kuchagua chombo kisichovuja na kisichongoja upepo. Lakini injini haina joshi wala demani, haina henza wala foromali. Kijana anayejifunza uvuvi katika boti ya injini hahitaji maneno hayo, na asipoyahitaji hatayarithi. Wakati huohuo, kwa kuwa kila simu sasa ina kamera, picha za vyombo vya tanga zinazaliwa kila jioni. Tunaelekea kwenye hali ya ajabu ambapo wajukuu wetu watakuwa na picha nyingi mno za jahazi, bila mtu wa kuwaambia kwamba lile ni jahazi. Na picha za siku hizi hutafutwa kwa maneno. Iliyopewa neno moja la jumla huzama ndani ya maelfu ya wenzake na haipatikani tena.

7.0 Mtu aliye kivuli

Kabla ya mapendekezo, sina budi kugusa suala la watu. Sarufi yetu inatuambia tunapiga picha, kama tunavyopiga simu, pasi au hodi. Kitenzi -piga katika semi hizi hakina maana ya kuumiza. Hata hivyo, kati ya mifano hiyo ni mmoja tu unaotufundisha adabu, nao ni kupiga hodi.

Mwanga haba humgeuza baharia kuwa kivuli. Wapo wanaosema kwamba kwa kuwa uso hauonekani, hakuna haja ya kumuuliza. Mimi naona kinyume chake. Kwa kuwa uso wake umefichwa, jina lake na kazi yake ndivyo pekee vinavyoweza kumrudishia utu wake ndani ya picha, ikiwa ataridhia vitajwe. Asiporidhia, basi chombo chake kitajwe kwa jina lake sahihi. Hiyo pia ni heshima.

Inafaa kukumbuka kwamba neno mwanga lenyewe lina sura mbili. Katika ngeli ya vitu, mwanga ni nuru. Katika ngeli ya watu, mwanga, wingi wake wanga, ni mchawi anayewaendea watu usiku bila idhini yao. Sidai kwamba maneno hayo mawili ni mamoja. Nasema tu kwamba anayekwenda ufukweni gizani kutafuta mwanga wa kwanza ajihadhari asije akawa wa pili.

8.0 Mapendekezo na hitimisho

Mabibi na mabwana, kutokana na niliyoyaeleza, napendekeza mambo matatu.

Kwanza, kila picha ya chombo inayoingia katika maktaba, makumbusho au gazeti letu iambatane na maelezo ya Kiswahili yenye mambo matano: aina ya chombo, mahali na upande ambao kamera ilielekea, wakati kwa jina lake, hali ya maji na upepo, na kazi iliyokuwa ikifanyika. Maneno 30 yanatosha. Yakiandikwa siku ileile, yanagharimu dakika mbili. Yakisubiri miaka 50, hakuna fedha itakayoyanunua.

Pili, picha za zamani zilizokwisha kuhifadhiwa zirudishwe ufukweni. Ziwekwe mbele ya manahodha, mafundi wa vyombo na washonaji wa matanga waliobaki, nao waulizwe wanaona nini. Kazi hii inawafaa wanafunzi wetu wa isimu kuliko orodha za maneno zinazokusanywa ofisini. Mzee anayeshindwa kutaja sehemu za chombo anapoulizwa ghafla, huzitaja zote akikiona chombo chenyewe, hata kikiwa kivuli tu juu ya karatasi.

Tatu, upigaji picha ufundishwe kwa Kiswahili. Tuna kamera, lenzi, filamu na kusafisha picha, maneno ambayo watu wa mitaani waliyazoea zamani bila kungoja kamati. Tuna ngazi za mwanga, na tuna ngeli tatu za mahali ambazo zinafanya kazi ya somo zima la fremu. Kinachokosekana si istilahi. Kinachokosekana ni imani kwamba ufundi huu unaweza kufikiriwa kwa lugha yetu.

Le Gray aliugeuza mchana kuwa usiku, na dunia ikafurahia, kwa kuwa merikebu yake ilikuwa na wengi wa kuisimulia. Vyombo vyetu havina wingi huo wa wasimulizi. Kila tunapokiacha kimoja kiende bila jina, kiza kinachokifunika si kile cha magharibi, kitakachoondoka kukikucha. Ni kiza tulichokitandaza sisi wenyewe, na ni sisi tunaoweza kukiondoa, picha moja baada ya nyingine, kwa neno lililo sahihi.